Sura ya Tano: Mwenye Jarida

Katika historia ya magazeti ya Kiarabu wapo wengi waliomzidi Fatma al-Yusuf kwa kalamu. Yeye mwenyewe hakuwahi kudai vingine. Shule hakuisoma kwa utulivu, chuo hakukipita, na alipoanzisha jarida lake mwaka 1925 watu wa Kairo walimjua kwa kazi nyingine kabisa: alikuwa mwigizaji wa tamthilia. Lakini chukua orodha ya waandishi, wachora katuni na wahariri wakubwa wa Misri ya karne ya 20, uone ni wangapi waliopitia mlango wake. Muhammad al-Tabi'i alipitia hapo. Mustafa Amin alipitia hapo akiwa kijana. Mchoraji Alexander Saroukhan, mhariri Ahmad Baha al-Din, mshairi na mchora katuni Salah Jahin, na mwanawe wa kumzaa, Ihsan Abdel Quddous, wote walipata kurasa kwake. Wakiandika wakaudhi wakubwa, hasara ilimrudia yeye.

Sura hii ni ya kazi hiyo, kazi ya mwenye gazeti. Tunapoandika historia ya habari huwa tunawapenda waandishi. Tunataja makala zao, tunasimulia vifungo vyao. Mwenye gazeti tunamweka pembeni na kumwita mfanyabiashara. Kwangu mimi hilo ni kosa. Mwandishi jasiri asiye na mahali pa kuchapa ni mtu anayezungumza nyumbani kwake. Anayeamua kama ujasiri huo utafika sokoni ni yule anayelipia karatasi, wino na mishahara ya wachapaji, na ambaye polisi wakija na amri mkononi humuulizia kwa jina. Kwa zaidi ya miaka 30 mjini Kairo jina hilo lilikuwa la mwanamke.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 huko Tripoli, mji wa bandari kaskazini mwa Lebanoni, wakati nchi hiyo ikiwa bado chini ya dola ya Uthmaniya. Wazazi wake walikuwa Waislamu. Mama alifariki wakati wa kumzaa. Baba, ambaye alikuwa mfanyabiashara, akasafiri na kumwacha kwa familia ya Kikristo ya jirani, na huko ndiko alikopata jina la Rose. Alikua akiamini kwamba hao ndio wazazi wake hadi siku alipoambiwa ukweli. Akiwa bado mtoto, alikabidhiwa kwa rafiki wa familia aliyekuwa anahamia Brazili, kama walivyohamia watu wengi wa Sham zama hizo. Meli ikatia nanga Iskandaria. Safari ya Rose ikakomea hapo, na Misri ikawa kwao.

Wanaoandika maisha yake hupenda kukaa sana hapa, kwa sababu habari ya yatima wa melini inasisimua. Mimi nachukua jambo moja tu: mtu huyu aliingia mji mkubwa bila ukoo, bila mjomba serikalini, bila mlango wa kugonga akafunguliwa kwa ajili ya jina la baba yake. Katika Misri ya mapasha hilo lilikuwa pungufu kubwa. Baadaye liligeuka kuwa nguvu yake, maana hakuwa na ukoo wa kuuonea haya alipoanza kugombana na wakubwa.

Aliyemlea katika sanaa ni Aziz Eid, mmoja wa waongozaji waliojenga tamthilia ya kisasa nchini Misri. Inasimuliwa kwamba nafasi yake ya kwanza ya maana aliipata kwa sababu waigizaji wenzake wa kike waliikataa. Ilikuwa nafasi ya bibi kizee, na kila mmoja aliona itamshusha mbele ya watazamaji. Rose, msichana ambaye hata utu uzima hajaufikia, akasema yeye ataicheza. Akajifunga vazi la bibi, akaupinda mgongo, akapanda jukwaani, na ukumbi ukamkubali. Nalitaja tukio hili kwa sababu tabia hiyo haikumwacha tena. Kilichokataliwa na wenye kujiona alikiokota, akakifanyia kazi.

Mwaka 1923 Yusuf Wahbi alipoanzisha kundi la tamthilia la Ramses, Rose akawa nyota wake. Alipoigiza katika tamthilia maarufu ya Alexandre Dumas mdogo, ile ya mwanamke wa Paris mwenye maua ya kamelia, magazeti yakambatiza Sarah Bernhardt wa Mashariki. Hata hivyo sifa za jukwaani zilikuwa na mpaka. Mwigizaji wa kike alishangiliwa usiku na kusengenywa mchana. Huda Shaarawi, binti wa ukoo mkubwa, alikuwa amevua utaji wa uso mwaka huohuo wa 1923 katika stesheni ya reli ya Kairo, na kitendo chake kikaingia katika historia. Rose alikuwa amesimama uso wazi mbele ya ukumbi kwa miaka kadhaa, wala hakuna aliyeona ushujaa ndani yake. Mwaka 1925 akakosana na Wahbi, akaacha kundi katika kilele cha jina lake.

Kumbukumbu zake zinaeleza jinsi wazo la jarida lilivyozaliwa. Ilikuwa Agosti 1925, katika mkahawa wa Kassab mjini Kairo, akiwa na marafiki wachache. Walikuwa wanalalamikia namna magazeti yanavyowaandika wasanii: uzushi, matusi, na sifa za kununuliwa. Muuza magazeti akapita na bidhaa yake. Rose akasema, basi tuanzishe jarida letu la sanaa. Wenzake walidhani anafanya mzaha. Yeye akamgeukia mmoja wao, Ibrahim Khalil, aliyejua mambo ya uchapaji, akamtaka apige hesabu palepale mezani. Kuchapa nakala 3,000 kungegharimu kiasi cha paundi 12. Zikiuzwa zote, ingebaki faida ya paundi 5 hivi. Paundi 12 hizo Rose hakuwa nazo. Leseni akaiomba vilevile.

Likaja suala la jina. Akataka jarida liitwe Rose al-Yusuf. Marafiki wakapinga: tangu lini jarida la sanaa na fasihi likabeba jina la mtu, tena mwanamke, tena mwigizaji? Hakukubali kulibadilisha. Wapo walioona ni kiburi. Mimi naona alikuwa anajua biashara kuliko wao. Jina lake ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, maana lilikuwa limekwisha kubandikwa kwenye kuta za Kairo kwa miaka kadhaa, na kila muuza magazeti angeweza kulitamka.

Toleo la kwanza lilitoka tarehe 26 Oktoba 1925. Ofisi ilikuwa nyumbani kwake, ghorofani, katika jengo la mshairi Ahmed Shawqi. Chumba cha kupokelea wageni ndicho kilichokuwa chumba cha habari.

Wanawake wenye majarida walikuwapo kabla yake, na haki yao isipotee. Hind Nawfal alitoa al-Fatat mjini Iskandaria tangu mwaka 1892, na jarida hilo linahesabiwa kuwa la kwanza la Kiarabu lililoanzishwa na mwanamke kwa ajili ya wanawake. Baada yake yakafuata mengine mengi. Rose alishika njia nyingine. Hakutaka wanawake watengewe kurasa zao. Alitaka jarida lisomwe na hakimu, karani, mwanafunzi na mwenye duka, na kabla miaka mingi haijapita, alitaka lisomwe na Waziri Mkuu kwa hofu.

Mwanzoni halikuuza. Lilijaa fasihi nzito na mijadala ya sanaa iliyowapendeza waandishi wenyewe. Aliyeligeuza ni Muhammad al-Tabi'i, karani wa bunge ambaye alikuwa anaandika uhakiki wa tamthilia katika gazeti la al-Ahram kwa jina la kubuni. Kiarabu chake kilikuwa chepesi, kifupi, chenye makali. Enzi hizo mwandishi wa siasa alionekana bingwa kwa kuandika tahariri ndefu yenye balagha inayomfanya msomaji atafute kamusi. Al-Tabi'i aliandika kama mtu anayekusimulia jambo kwenye baraza: nani kaingia ofisi ya nani, alikaa muda gani, alitoka na uso wa namna gani. Mtindo huo ukawa shule. Waandishi wengi wa majarida ya Misri waliokuja baadaye ni wanafunzi wake, hata wale wasiojua.

Kutoka kwenye sanaa wakaingia kwenye siasa. Chama kikubwa cha wakati huo kilikuwa Wafd, kilichopata nguvu katika mapinduzi ya 1919 dhidi ya Waingereza. Saad Zaghlul, kiongozi wake, alifariki Agosti 1927, na Mustafa al-Nahhas akashika nafasi yake. Mwaka uliofuata Muhammad Mahmud Pasha akaunda serikali, akasimamisha bunge na kutawala kwa mkono wa chuma. Jarida la Rose likamvaa. Ndipo ulipoanza mchezo ambao mwenye jarida huyu alikuja kuucheza kwa miaka.

Inafaa tuuangalie mchezo huo kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo ushujaa unapopimwa kwa fedha. Polisi hawakuhitaji kumkamata mtu. Walisubiri jarida likamilike, wakafika kwenye kiwanda cha uchapaji na kuchukua nakala zote kabla hazijafika kwa wauzaji. Karatasi imekwisha kulipiwa, wino umekwisha kulipiwa, wachapaji wamekesha na wanadai ujira wao, na hakuna hata nakala moja ya kuuza. Toleo moja likikamatwa, mwenye jarida anaumia. Yakikamatwa matatu mfululizo, anaanza kukopa. Serikali ililijua hilo fika. Na kunyang'anya mali ya toleo zima kulikuwa na faida moja juu ya kumfunga mwandishi: hakukuwa na kesi ya kuandikwa magazetini.

Likifungiwa kabisa, Rose alitafuta leseni ya jarida jingine, la mtu ambaye analo jina kwenye karatasi lakini hana fedha za kulichapa. Akaikodi. Wiki hiyohiyo, au ile iliyofuata, timu ileile ikatoka kwa jina tofauti. Ismail Sidqi Pasha alipoingia madarakani mwaka 1930, akaifuta katiba ya 1923 na kulifungia jarida, wasomaji wakaanza kununua al-Sarkha. Hapakuwa na haja ya tangazo. Waliutambua ukurasa, walizitambua katuni, na muuza magazeti alijua la kumnong'oneza mteja. Kila jina la kukodi lilikuwa gharama juu ya gharama. Nasisitiza fedha kwa makusudi. Watu husema Rose alikuwa jasiri, nao wanasema kweli, ila ujasiri wake ulikuwa na daftari la madeni, na kila mwezi alilifungua akalitazama.

Katuni nilizozitaja zilikuwa za Alexander Saroukhan. Huyu alikuwa Muarmenia, mkimbizi wa misukosuko iliyowaangamiza watu wake, aliyefika Misri katikati ya miaka ya 1920 akiwa hajui Kiarabu sawasawa. Mgeni huyo ndiye aliyewachorea Wamisri sura yao. Wazo lilitokana na gazeti moja la London, ambamo mchoraji alikuwa na kijitu chake chenye kofia ya mviringo na mwavuli, kinachomwakilisha Mwingereza wa kawaida. Ofisini kwa Rose wakajiuliza Mmisri wa kawaida angekuwaje. Wakaitupa ile kofia, wakamvika tarbushi. Wakauondoa mwavuli, wakamtia tasbihi mkononi. Wakambakiza mfupi, wakamvisha miwani, suti ya karani na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba mshahara umechelewa tena. Wakamwita al-Misri Effendi.

Huyo effendi alianza kuonekana mwaka 1932, na nchi nzima ikamzoea. Alisimama pembeni ya mawaziri, mabalozi na mapasha, akauliza maswali yaliyokuwa vinywani mwa watu. Katika nchi ambayo wengi hawakuwa wanajua kusoma, mchoro ulifika pale ambapo tahariri haikufika. Jarida moja lilizunguka mkahawa mzima: aliyejua kusoma akasoma kwa sauti, na wengine wakashika ukurasa wa katuni. Waziri angeweza kujibu makala, lakini hakuwa na jibu kwa kijitu chenye tasbihi.

Kwenye pwani yetu, miaka hiyohiyo, magazeti ya Kairo yalisomwa na masheikh na walimu. Lililotia fora lilikuwa al-Manar la Rashid Rida, lililoanzishwa 1898. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa miongoni mwa walioathirika nalo, naye akatoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, karatasi ndogo zenye hoja kubwa. Kwa njia hiyo tukairithi Kairo ya wanazuoni. Ile Kairo nyingine ya akina Rose, ya mkahawa, katuni na siasa za kila wiki, haikutufikia kwa namna hiyo, na nadhani ndiyo sababu jina lake halijulikani kwetu kama linavyostahili.

Mwaka 1934 pigo likatoka ndani ya nyumba. Al-Tabi'i aliondoka na kuanzisha jarida lake, Akhir Sa'a. Saroukhan akaondoka naye, na Mustafa Amin pia. Miaka kumi baadaye Mustafa na pacha wake Ali wangeanzisha Akhbar al-Yawm, moja ya nyumba kubwa kabisa za magazeti katika ulimwengu wa Kiarabu. Kwa wiki chache Kairo nzima ilidhani Rose amekwisha. Alikuwa amepoteza mhariri mkuu, mchoraji na vijana wake kwa mkupuo mmoja. Jibu lake lilikuwa la kushangaza: akatangaza kwamba, pamoja na jarida la kila wiki, sasa anataka gazeti la kila siku.

Likatoka Februari 1935, Mahmud Azmi akiwa mhariri na Abbas Mahmud al-Aqqad akiwa mwandishi wake mkuu. Kwa kumpata al-Aqqad, Rose alikuwa amepata kalamu iliyoogopwa kuliko zote katika kambi ya Wafd. Gazeti lilikuwa la Wafd kwa moyo, na wasomaji wake walikuwa watu wa Wafd. Tatizo likaja pale lilipoishambulia serikali ya Tawfiq Nasim. Viongozi wa Wafd walikuwa wameamua kuivumilia serikali hiyo kwa wakati huo, wakitumaini kwamba katiba itarudishwa kwa njia ya utulivu. Al-Aqqad hakuamini utulivu huo, akaendelea kupiga. Al-Nahhas na katibu wake Makram Ubayd wakataka gazeti lipunguze makali. Rose akakataa kumfunga mwandishi wake mdomo.

Septemba 1935 Wafd ikatangaza hadharani kwamba gazeti la Rose al-Yusuf halina uhusiano tena na chama. Kwa msomaji wa leo tamko kama hilo laweza kuonekana dogo. Kwa Misri ya wakati ule ilikuwa sawa na kumtoa mtu katika jamaa. Wafd ilikuwa zaidi ya chama. Wengi waliihesabu kuwa ndiyo taifa lenyewe. Wasomaji waliokuwa wanagombea nakala asubuhi wakaliacha gazeti mikononi mwa wauzaji. Waandamanaji wakafika ofisini kupiga kelele dhidi ya mwanamke waliyekuwa wakimshangilia. Matangazo yakakauka. Madeni yakapanda. Gazeti la kila siku likasimama mwaka 1936.

Wengine huhukumu kwamba alikosea, kwamba mwenye gazeti mwenye akili hagombani na wanunuzi wake. Upande wa biashara hukumu hiyo ina uzito: gazeti la kila siku hula fedha kila siku, naye aliliingia bila akiba. Lakini kwenye kiini cha ugomvi naamini alikuwa sahihi, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Kupinga serikali unayoichukia ni kazi ngumu, ila unakuwa na watu nyuma yako. Kukataa amri ya chama unachokipenda, huku wanaokulisha ndio wanaokuzomea, ni jambo ambalo wenye magazeti wengi wameshindwa, Kairo na kwingineko. Yeye alishindwa kifedha, akabaki na jarida lake la kila wiki, na tangu hapo halikuwa la chama chochote.

Hapa anaingia mwanawe. Rose aliolewa na Muhammad Abdel Quddous, mhandisi aliyeacha uhandisi kwa mapenzi ya jukwaa. Ndoa haikudumu. Ihsan alizaliwa tarehe 1 Januari 1919 na kulelewa kwa babu yake upande wa baba, Sheikh Ahmad Radwan, mtu wa al-Azhar, katika mtaa wa Abbasiya. Kwa babu alikuta wanazuoni na adabu kali. Siku za kumtembelea mama alikuta waigizaji, washairi na wanasiasa wakibishana hadi usiku. Aliishi katika nyumba mbili ambazo kila moja iliiona nyingine imepotoka, na baadaye akayatoa hayo yote katika riwaya zake.

Alisoma sheria, kisha akarudi kwa mama kuomba kazi. Mama hakumpendelea, alimwanzisha chini kama mwandishi yeyote. Mwaka 1945 Ihsan akaandika makala ya kumtaka balozi wa Uingereza, Lord Killearn, aondoke Misri. Killearn hakuwa balozi wa kawaida. Ndiye aliyeizingira kasri ya Mfalme Farouk kwa vifaru Februari 1942 ili kumlazimisha kuunda serikali anayoitaka Mwingereza. Ihsan akatiwa ndani. Alipotoka, mama akamfanya mhariri mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 26. Rose akachapa katika jarida barua ya wazi kwa mwanawe, ya mwenye gazeti kwa mhariri wake, akimtaka achunge uhuru wake hata mbele ya mama mwenyewe. Wanaosema alimrithisha mwana kazi kwa upendeleo wasome barua hiyo, na waikumbuke jela iliyotangulia.

Mwaka 1950 jarida likaanza kampeni iliyoitikisa kasri. Ihsan aliandika kwamba jeshi la Misri lilipelekwa katika vita vya Palestina vya 1948 likiwa na silaha mbovu, zilizonunuliwa kwa njia za rushwa, na kwamba mkono wa watu wa karibu na mfalme ulikuwamo. Uchunguzi wa serikali ukafunguliwa. Baadaye mahakama iliwaachia wengi wa walioshtakiwa, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu ukubwa wa kasoro zenyewe. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba baada ya makala zile heshima ya Farouk mbele ya maofisa vijana haikurudi. Julai 1952 maofisa hao wakampindua.

Ihsan alikuwa anawajua, na jarida liliwapokea kwa furaha. Furaha hiyo haikumziba Rose macho. Mei 1953, miezi kumi tu baada ya mapinduzi, alichapa barua ya wazi kwa Gamal Abdel Nasser. Alimweleza kwamba kiongozi anahitaji kusikia maoni ya watu, na maoni hayo hayapatikani pasipo uhuru. Nasser akajibu katika kurasa zilezile: hauogopi uhuru, alisema kwa maana yake, ila anaogopa usije ukauzwa na kununuliwa kama zamani. Soma barua hizo mbili kwa pamoja. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyefungiwa na serikali za mapasha mara zisizo idadi, anamwambia ofisa kijana mwenye bunduki jambo ambalo watu wengi wa Misri walikuja kulisema kwa uchungu baada ya miaka mingi.

Mwaka 1954 Ihsan akaandika kuhusu jumuiya ya siri inayoitawala Misri, akimaanisha baraza la maofisa. Akafungwa miezi mitatu hivi. Mfalme alikuwa ameondoka, Killearn alikuwa ameondoka, na mtoto wa Rose alikuwa tena gerezani, safari hii kwa amri ya watu aliowaita marafiki. Alipotoka, polepole akasogea upande wa riwaya. Riwaya yake Fi Baytina Rajul ilitengenezwa filamu mwaka 1961, Omar Sharif akiwa mhusika mkuu, na wazee wa miji yetu waliopenda sinema za Kimisri huenda wanaijua filamu bila kujua kwamba mwandishi wake alilelewa na jarida.

Rose hakukaa kuomboleza. Januari 1956 akatoa jarida la pili la kila wiki, Sabah al-Khair, kwa ajili ya vijana, akamkabidhi Ahmad Baha al-Din, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Hapo ndipo Salah Jahin na wachoraji wenzake walipojenga kizazi kipya cha katuni za Misri. Miaka 30 baada ya mkahawa wa Kassab, jicho lake la kuwatambua watu lilikuwa bado halijachoka.

Alifariki Kairo tarehe 10 Aprili 1958. Mei 1960 sheria ya Nasser ya kupanga upya magazeti ikazitwaa nyumba kubwa za uchapishaji, al-Ahram, Akhbar al-Yawm, Dar al-Hilal na Rose al-Yusuf, zikawa chini ya chama cha serikali. Jarida liliendelea kutoka kwa jina lake, ila cheo alichokitetea maisha yake yote, cha mwenye jarida asiyepokea amri, hakikuwapo tena nchini Misri.

Mwaka 1953 alikuwa ameandika kitabu cha kumbukumbu, Dhikrayat. Tafsiri yake kwa Kiswahili sijaiona. Tunao watu wengi waliosoma Kiarabu, kuanzia Lamu, Mombasa na Unguja hadi Maskati, na tumezoea kuwaachia tafsiri za vitabu vya dini peke yake. Naomba mmoja wao akichukue kitabu hiki. Wenye magazeti wetu, na vijana wanaotaka kuwa wenye magazeti, wanakihitaji.